Nafasi ya Shahidi wa Pili

Ulimwona. Usijifanye kuuliza nani. Yule mama mwenye kitenge cha rangi ya udongo na viatu vya plastiki, aliyekaa mwisho wa benchi kwenye ofisi ya pasipoti Kasulu, ameshika bahasha ya kaki kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba bakuli la uji wa moto. Ulikuwa mbele yake kwenye foleni. Ulimsikia afande akisema kwa sauti ya kujaza korido nzima, "Mama, kwa hiyo wewe una baba wawili," ukasikia watu wakicheka, na wewe ukainamia simu yako. Simu yenyewe ilikuwa imezimika. Ulikuwa unajitazama uso.

Ofisi yenyewe haitalaumiwa peke yake hapa, maana ikilaumiwa moja, nyingine zote zitajiona safi. Mama atatajwa kwa jina. Ni Esteri Mpawenimana, mkulima wa mihogo na maharage wa Busunzu, wilaya ya Kibondo, miaka hamsini na saba kwa karatasi na kwa magoti zaidi ya hapo. Huenda mihogo yake umeshaila. Huenda ulimwambia apunguze bei, akapunguza.

Kisa kilianzia hatua ishirini tu kutoka benchi lile, kwenye steshenari ya Kuruthumu, Jumatatu asubuhi, mtandao ukiwa bado una nguvu.

Kuruthumu ni mwanamke wa Ujiji aliyeolewa Kasulu, mnene, mcheshi, anayechapa kwa vidole viwili haraka kuliko wenye vidole kumi. Alikuwa ameshamjazia Esteri karibu kila kitu. Pasipoti ya zamani ilikuwa mezani, imeisha muda wake, ndani ina mihuri ya safari moja tu, ile ya kwenda kuhiji Kibeho, Rwanda, na akina mama wa parokia. Pembeni ilikuwa kopi ya cheti cha uraia, imelainika kwa kukunjwa.

"Jina la baba mzazi?"

Esteri akaikunja upya ile kopi ya cheti.

"Mama Moses, mtandao wa hapa hausubiri mtu. Baba?"

"Niyonzima."

Vidole viwili vikasimama hewani. Kuruthumu akaivuta ile pasipoti, akakivuta na cheti. "Hapa pameandikwa Nkunzimana. Na hapa Nkunzimana. Kitambulisho chako nacho, Nkunzimana."

"Huyo ni Data."

"Sasa Data kwenu si ndiyo baba?"

"Ego, ndiyo. Ni baba. Amenilea, amenisomesha, ameniozesha. Lakini aliyenizaa ni Niyonzima."

Kuruthumu akageuza kiti chake chote. "Dada yangu, nisikilize. Hapa wanauliza baba wa kwenye karatasi. Wa kwenye damu hajawekewa kisanduku. Wewe huombi pasipoti mpya, unahuisha ya zamani. Tunakili yaliyoandikwa, tunabonyeza, unakwenda zako kunywa chai. Miaka yote hii ulikuwa mtoto wa Nkunzimana, leo umeingiwa na nini?"

Kilichomwingia kilikuwa mtama.

Ng'ambo ya mto Malagarasi, upande wa Burundi, Rosa binti wa shangazi yake alikuwa ameloweka mtama asubuhi hiyo hiyo. Mtama ukishalowekwa unaota, unaanikwa, unasagwa, unapikwa, unachachushwa, na siku ya kumi na tatu ni pombe, upende usipende. Pombe hiyo ilikuwa ya kuganduka, yaani kuuvua msiba. Kwa watu waliotoka ng'ambo ile, mtu akifa, kuzika hakutoshi. Msiba unakaa juu ya walio hai mpaka siku ukoo unapokusanyika, pombe inaonjwa, na mtoto wa marehemu anasimama mbele ya watu kutaja jina la baba yake na kusema basi, tumelia, sasa tuishi. Niyonzima alichukuliwa na lori mwaka wa mauaji ya Burundi, sabini na mbili. Hakuzikwa na mtu anayejulikana. Msiba wake ulikuwa haujavuliwa, mwaka wa hamsini na kitu huo, kwa sababu mtoto wake mmoja aliyebaki alikuwa Busunzu.

"Kuruthumu," Esteri akasema taratibu, kama anayemfundisha mtoto kuhesabu, "nakwenda kusimama mbele ya ukoo niseme namvulia msiba baba yangu. Mkononi nina pasipoti. Ndani ya pasipoti baba yangu ni Nkunzimana. Na Nkunzimana yuko nyumbani, mzima, anamenya mihogo. Sasa nitakuwa nimemvulia nani msiba?"

Kuruthumu akaondoa vidole kwenye kibodi. Yeye ni Mwislamu wa pwani ya ziwa, kwao wanasoma hitima na mambo yanaisha, lakini alielewa kabisa. Kumwombolezea mtu aliye hai! Hata kwa karatasi. Hasa kwa karatasi, maana karatasi ndiyo inayobaki.

"Subhana," akasema. "Kwa hiyo ni kumchuria mzee."

"Ni kumuua."

Akaandika Niyonzima. Lakini aliandika kwa kidole kimoja.

*

Afande Ridhiwani si mtu mbaya, na hilo ndilo linaloudhi zaidi. Ni kijana msafi, anamwamkia kila mzee anayefika dirishani, haombi hata soda. Aliisoma fomu, akaisoma pasipoti, akarudi kwenye fomu. Ndipo aliposema lile neno la baba wawili, na alilisema kwa mshangao tu, bila kejeli. Kejeli waliileta wengine.

"Wengine hatuna hata mmoja, yeye anao wawili!" jamaa mmoja mwenye kofia ya timu akapiga kelele.

"Amwazime jirani," mwingine akadakia.

Korido ikacheka. Wewe ukainama.

Esteri alieleza. Alieleza akiwa amesimama, kichwa amekipinda kufikia kile kitundu cha kioo kilichotobolewa kwa kimo cha mtu aliyekaa, ingawa upande wa nje hakuna kiti. Ridhiwani alisikiliza mpaka mwisho.

"Mama, nimekuelewa. Sasa na wewe nielewe mimi. Fomu hii bado sijaituma. Iko hapa kwenye mkono wangu. Nikiichana, ukaleta nyingine yenye jina lile la zamani, ndani ya siku kumi una pasipoti yako. Nikiituma hivi ilivyo, mashine inaona baba amebadilika, jina lako linawekewa alama. Hapo utatakiwa barua ya mtendaji wa kijiji, barua ya kata, kiapo cha mahakama, maelezo ya huyo aliyeandikwa kama baba, aje mwenyewe kwa miguu yake, na mashahidi wawili wasio ndugu wanaojua habari za kuja kwako."

"Na kile kikaratasi cha muda? Cha kuvukia mpaka?"

"Jina likiwa na alama hupati hata hicho."

Kisha akashusha sauti, na hapa alikuwa anamsaidia kwa moyo wake wote. "Mama, karatasi ni karatasi. Baba yako unamjua mwenyewe rohoni. Niichane?"

Njia nyingine ilikuwepo. Kila mtu wa Kibondo anajua palipo na mto mwembamba na mtu mwenye mtumbwi. Lakini Esteri alishavuka mto ule mara moja bila mlango, akiwa na miaka mitano, mgongoni mwa mtu, mvua inanyesha, ameambiwa asikohoe. Aliapa hatauvuka hivyo tena. Mtu aliyepewa uraia akikamatwa anavuka kwa kuiba, unajua mwenyewe maswali atakayoulizwa.

"Itume," akasema.

"Mama..."

"Itume, mwanangu. Usinichanie baba."

Ridhiwani akabonyeza. Kwenye kioo cha kompyuta pakatokea mstari mwekundu, mwembamba kama uzi. Esteri aliutazama kwa kicho, kama watu wanavyotazama radi iliyopiga mti wa jirani. Jina la mtu aliyeondoka na lori hakuna aliyewahi kuliandika mahali popote tangu siku ile. Sasa limeandikwa mara moja tu, na mashine ya serikali imeshtuka.

*

Mzee Nkunzimana alikuwa uani, kisu mkononi, maganda ya mihogo yamemzunguka miguuni. Ana miaka sabini na minne. Mgongo umepinda kidogo upande wa kushoto, na Esteri alikua akiamini amezaliwa hivyo.

"Imekuwaje?"

"Imekwama, Data."

"Imekwama wapi?"

Esteri akakaa kwenye kinu kilichopinduliwa. Njia nzima kutoka Kasulu alikuwa akitafuta namna ya kulisema. Namna haikupatikana, akalisema hivyo hivyo. "Kwenye baba. Nimeandika Niyonzima."

Kisu hakikusimama. Kilishuka kwenye muhogo mpaka mwisho, ganda likaanguka zima.

"Kwa herufi kubwa?"

"Ego, Data. Kwa herufi kubwa."

"Ni vizuri," mzee akasema. "Alikuwa mtu wa posta. Alipenda herufi kubwa, alisema barua haipotei." Akachukua muhogo mwingine. "Na wanasemaje?"

"Wanakutaka wewe. Uende ukaseme." Akaokota ganda la muhogo. "Uende ukaseme wewe si baba yangu."

Kuku alipita kati yao, akadonoa ganda, akaondoka.

"Lile koti langu la kanisani," akasema, "kifungo cha juu kimetoka. Nishonee. Kwenda Kasulu bila kifungo si heshima."

*

Barua za mtendaji wa kijiji na wa kata zilipatikana kwa siku nne, na siku nne hizo zingejaza kitabu. Mtendaji mmoja alikuwa msibani, muhuri wake ulikuwa kwenye begi, begi lilikuwa kwa mke wake, mke alikuwa mnadani. Mwingine aliandika barua nzuri sana, ukurasa mzima, akasahau jina la mwombaji. Kiapo cha mahakama nacho kilipatikana. Yote hayo Esteri aliyachukulia kama palizi: unainama, unalima, unafika mwisho wa tuta.

Waliobaki ni mashahidi. Hao hawakuwa Busunzu. Walikuwa Kumsenga, karibu na mpaka, kijiji cha kwanza alichofika akiwa ameloa.

Venanti, Muha wa hapo hapo, umri umepita themanini, Esteri alimkuta anafunga mzinga wa nyuki kwa kamba ya gome. Hakumwacha hata amalize salamu.

"Wewe ndiye ulikula viazi vyangu sita!" akasema. "Sita! Mtoto wa kimo hiki! Kijana wa watu amekushusha mgongoni, vidole vyako vimegandamana shingoni kwake, hukutaka kuachia. Mke wangu alikubandua kimoja kimoja. Nikamuuliza yule kijana, huyu wa nani? Akaniambia ni mtoto wa bwana posta. Kwangu alisema ukweli. Kesho yake kwenye meza ya kuandikisha wakimbizi akasema, wangu. Nilisimama nyuma yake, nikasikia. Sikusema kitu."

"Unaweza kusema sasa, sogokuru, babu yangu?"

"Leta karatasi. Nimengoja siku neno langu lionekane lina maana." Akaandika jina lake taratibu, ulimi nje, kisha akapiga na dole gumba juu yake, akasema hiyo ya dole ni kwa ajili ya marehemu mke wake.

Shahidi mmoja.

Wa pili ni Fidele. Fidele alivuka usiku ule ule, akiwa kijana wa miaka kumi na miwili, alishika mkia wa koti la Nkunzimana ili asisombwe na maji. Sasa ana duka la vifaa vya baiskeli na shamba la michikichi. Alimkaribisha Esteri, akamletea soda, akaketi. Alipoiona fomu akasimama tena.

"Esteri, dada yangu, nakupenda, unajua."

"Najua."

"Nakumbuka yote. Hata nguo uliyovaa nakukumbushia, ilikuwa ya maua mekundu. Lakini karatasi zangu zimelala. Ukiamsha zako, na mimi nikaweka jina langu pale, zangu zitaamka. Wataniuliza, na wewe, siku ile, ulisema umri gani? Ulisema unatoka wapi? Nina watoto saba."

"Ni jina tu, Fidele."

"Oya, hapana. Jina si jina tu. Wewe ndiye unayejua zaidi yangu." Akamsindikiza mpaka barabarani, akabeba mwenyewe mfuko wake, akampa na mpira mpya wa baiskeli kwa ajili ya mwanawe Moses. Esteri hakumkasirikia. Alimwona amesimama pale mlangoni kwake, mtu mwenye duka, mwenye tumbo, na mkono wake wa kulia umekunja ngumi kana kwamba bado umeshika mkia wa koti.

Mwingine aliyekumbuka hakuwepo. Kulikuwa na waliosikia, waliojua kwa kuambiwa, waliopanga naye foleni, walionunua kwake. Aliwauliza kumi na mmoja. Mmoja alisema hana miwani. Mwingine alisema yeye hajihusishi na siasa. Wengine tisa walisema watamjulisha.

*

Alhamisi ya wiki ya pili, siku mbili kabla ya pombe kuiva, mzee Nkunzimana aliingia kwenye korido ile akiwa amefunga kifungo cha juu. Ulikuwepo tena? Kama hukuwepo, mwenzako alikuwepo. Mtu mmoja alimpisha kwenye benchi. Mzee akakataa, akasema amekuja kusimama.

Kuruthumu alikuwa amewasindikiza kubeba makopi. Alipaswa kurudi dukani. Hakurudi.

"Shikamoo, mzee," Ridhiwani akasema.

"Marahaba. Naitwa Nkunzimana. Nimeitwa kuja kusema."

"Mzee, kabla hujasema." Ridhiwani alitazama huku na huku, akainuka, akasogea karibu na kitundu. "Unajua maana yake? Ukisema huyu si mtoto wako, unasema ulitoa taarifa za uongo siku ile ya kuandikishwa. Mimi nitayaandika. Yakishaandikwa siwezi kuyafuta. Kuna watu juu yangu, sijui watayasomaje. Yanaweza kumgusa yeye, na wewe mwenyewe, uraia wako."

"Andika, mwanangu."

"Mzee..."

"Nimebeba vizito kuliko karatasi. Andika."

Ridhiwani akakaa, akachukua kalamu. Korido, kwa kuwa ilikuwa na hamu ya kucheka, ilinyamaza ili isikie vizuri.

"Mimi nilikuwa nafagia posta," mzee akaanza. "Bwana posta alikuwa Niyonzima. Mchana watu wakienda kula alinifundisha kusoma, kwa barua zilizokosa wenyewe. Siku lori lilipokuja alikuwa ananifundisha. Aliwaona kabla yangu. Aliniambia, kapeleke hii barua nyumbani kwangu. Akanipa bahasha. Nikatoka nayo kwa mlango wa nyuma, nimeibeba juu, wakaniona mfagiaji mwenye barua, wakaniacha. Nyumbani nilikuta watu wamekwisha kukimbia, na mtoto huyu kwenye shamba la kahawa. Bahasha nilipoifungua haikuwa na kitu. Ilikuwa tupu. Alinipa njia ya kutoka tu."

Esteri aliligeukia lile koti, ule mgongo uliopinda kushoto. Hakuwa amewahi kusikia habari za bahasha. Miaka hamsini na ushee chini ya paa moja, na hakuwahi.

"Tulitembea siku nne. Nilimbeba upande huu," akagusa bega la kushoto. "Tukavuka. Kwenye meza ya kuandikisha, watoto wasio na wenyewe walikuwa wanawekwa kando, kwenda kwingine. Karani akaniuliza, wa nani? Yeye amelala mgongoni, ananidondoshea mate shingoni. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, sijaoa. Nikasema, wangu. Neno moja tu, afande. Nimeishi ndani ya neno hilo maisha yangu yote na halijanivujia hata siku ya mvua."

Hakuna aliyecheka. Yule jamaa wa kofia ya timu, au mwingine wa namna yake, alikuwa ameivua, ameishika kifuani.

"Lakini nilijua nimekaa kwenye kiti cha mtu. Kila alipokuja mkwe, kila siku ya kipaimara, kila siku ya mahari, watu wananipa heshima, ni heshima yake ile. Nikasema angalau nishike msiba wake, maana hakuna mwingine wa kuushika. Pombe ya mtama sijaionja tangu siku ile, maana aliyeshika msiba haonji."

"Data," Esteri akasema. Alikuwa ameiweka bahasha yake sakafuni bila kujua. "Wewe... mimi nilidhani ni mambo ya kanisa."

"Kanisa linakataza ulevi. Kuonja halikatazi." Mzee alikaribia kutabasamu. "Ninaipenda sana, mwana wanje. Huwa napita mbali nikisikia harufu."

Kisha akageukia tena kitundu, akajinyoosha kadiri mgongo ulivyomruhusu. "Andika hivi. Mimi Nkunzimana si baba yake. Baba yake ni Niyonzima, aliyekuwa bwana posta. Nilimtunzia. Namrudishia."

Kalamu ya Ridhiwani ilikuwa haisogei. Kijana yule wa watu alikuwa amesimama bila kujua amesimama lini, na nyuma yake wenzake wawili walikuwa wameacha meza zao. Kuruthumu alikuwa amejifunika mdomo kwa ncha ya mtandio, machozi yanamtiririka, makopi yamemwagika miguuni na hakuna aliyethubutu kuyaokota. Esteri alimtazama mzee huyu aliyemmenyea mihogo, aliyemfundisha kusoma, kwa barua gani sijui, na akaona kwamba hajawahi kumwona. Alikuwa mrefu. Alikuwa mrefu kama mnara, kitu ambacho watu wanakaa chini yake miaka na miaka, hawajui kinapoishia.

Akapiga magoti pale pale kwenye saruji, akamshika miguu. "Data," akasema. Hakuna jina jingine lililokuja.

Ridhiwani aliandika. Aliandika kila neno, akamsomea, mzee akasaini kwa herufi kubwa. Kisha afande akafungua barua, akafungua kiapo, akafungua karatasi ya Venanti yenye dole gumba. Akageuza. Akatafuta. Akageuza tena.

"Shahidi wa pili?"

*

Jumamosi Rosa alipiga simu saa nne asubuhi. Esteri na mzee walikuwa uani, simu imewekwa juu ya kinu, sauti imefunguliwa yote. Waliwasikia watu wengi, na ngoma moja iliyokuwa inapigwa na mtu asiyejua kama aendelee.

"Esteri, pombe imeiva. Inapanda mpaka mdomoni mwa mtungi. Wazee wanauliza uko wapi."

"Niko Busunzu, Rosa. Nimekosa mtu mmoja."

Ng'ambo wakajadiliana. Iliwachukua muda mrefu. Salio lilikaribia kwisha.

"Wamesema bila mtoto hakuna wa kuonja. Wameimwaga kwenye mashina ya migomba, yote." Rosa alikuwa analia, kisha akaacha. "Lakini wamesema Jumatatu wanaloweka mwingine. Wamesema, tumengoja bwana posta miaka yote hii, hatutashindwa wiki mbili. Ila mtama huu ndio wa mwisho ghalani, Esteri. Baada ya huu ni mbegu."

Mzee akainama karibu na simu. "Ni mtama mwekundu au mweupe?"

"Mwekundu, data."

"Mwekundu huchelewa siku moja," akasema, akarudi kwenye mihogo yake.

*

Mtama umelowekwa Jumatatu. Unaota sasa hivi, unaposoma. Faili la Esteri Mpawenimana binti Niyonzima liko Kasulu, Ridhiwani ameliweka juu ya meza yake, hajalipeleka kabatini, na hilo ndilo kubwa alilo na uwezo nalo. Lina barua mbili, kiapo, dole gumba, na maelezo ya mzee yaliyoandikwa kwa mkono. Lina nafasi moja wazi.

Masharti ya nafasi hiyo yamebandikwa ukutani pale pale ulipoegemea siku ile. Awe mtu mzima. Asiwe ndugu wa mwombaji. Awe anamfahamu, na awe anajua habari za kuja kwake.

Wewe ni mtu mzima. Ndugu yake si wewe. Ulihakikisha hilo kwa kuinamia simu. Mihogo yake uliila, benchi ulikaa naye. Na habari za kuja kwake, bahasha tupu, bega la kushoto, viazi sita, neno moja kwenye meza, sasa unazijua. Huwezi tena kusema hukuambiwa. Wakikuambia hukuwepo usiku ule mtoni, waambie Fidele alikuwepo, kisha nenda Kumsenga, umshike ule mkono wake wa kulia, uje naye, mwende wawili ili asiogope peke yake.

Kalamu imefungwa kwa uzi kwenye kaunta. Dirisha linafunguliwa saa mbili. Pombe ya mtama haisubiri, na mzee ana miaka sabini na minne na kiu ya miaka hamsini. Acha kusoma. Inuka. Nenda ukaandike jina lako, kwa herufi kubwa.